Mtoto wa dada kakamatwa na misokoto miwili, kituoni akasema ana miaka 19. Wanasheria mpo?

#1 Mjomba Mtu
Habari za jioni wakuu. Anayejua sheria naomba anisaidie. Asiyejua naye anisaidie kwa kusoma kimyakimya.

Mtoto wa dada yangu, kidato cha tatu, alikuwa anatoka mpirani Ijumaa na wenzake wawili. Askari wakawasimamisha. Wenzake wakatimua mbio, yeye akabaki ameganda. Kupekua begi, ndani ya mkebe wa hesabu, ule wa bati wenye bikari na kipimapembe, ikakutwa misokoto miwili ya bangi.

Kituoni akaulizwa umri. Ana miaka kumi na saba na miezi minne. Akajibu kumi na tisa. Nilipomuuliza kilichomtuma ni nini akaniambia, "Mjomba, ningesema kumi na saba wangempigia mama." Basi akalala mahabusu na watu wazima hadi Jumatatu ilmradi mama asijue. Mama alijua kesho yake saa mbili asubuhi.

Usiku uleule aliandikwa maelezo, akasaini, hakuna mzazi wala mtu wa ustawi wa jamii. Jumatatu kapelekwa mahakamani, hakimu wa zamu akaahirisha kabla hajajibu shtaka, nikamdhamini. Hati ya mashtaka inasema umri miaka 19, kosa kupatikana na dawa za kulevya. Tunarudi baada ya wiki mbili.

Ninachouliza: hiyo 19 inafutikaje? Maelezo aliyosaini yana nguvu? Na kuna jirani ananiambia akiri tu yaishe. Wakili wa kulipa hatumwezi.

Nchi sitaji. Humu tumejaa majirani.

#2 Kipara cha Asubuhi
Nimekaa paleee nasubiri wanasheria.

#3 Mama Wawili
Pole sana. Lakini mtoto anayeona heri mahabusu kuliko mama yake, huyo mama naye afikishwe mahakamani.

#4 Wakili wa Kijiweni
Mleta uzi, usihangaike. Misokoto miwili ni kosa dogo. Siku hiyo akiri, aombe msamaha, aseme ni mara ya kwanza na ni mwanafunzi. Hakimu ni mzazi pia. Atapigwa faini au ataachiwa kwa onyo, saa sita mko nyumbani mnakula. Ukikataa kosa ndipo kesi inatambaa mwaka mzima na mtoto hasomi.

#5 Bila Jina 7
Kuuliza sheria bila kutaja nchi ni sawa na kwenda hospitali ukakataa kusema unaumwa wapi.

#6 Karani Mstaafu
Namba 4, usimtumbukize mtoto wa watu shimoni. Nimekaa mbele ya hakimu na kalamu miaka ishirini na sita. Hizo "akiri tu yaishe" nimeziandika mpaka kidole kikaota sugu.

Mambo huenda hivi. Shtaka linasomwa, mshtakiwa anasema "ni kweli". Mwendesha mashtaka anasoma jinsi alivyokamatwa. Mshtakiwa anaulizwa kama maelezo hayo ni sahihi, anatikisa kichwa. Dakika tano hazijaisha, ana hatia. Na ameikubali karatasi nzima, pamoja na ile 19. Ukishakiri, rufaa ni mlango mwembamba: sehemu nyingi unabaki kulalamikia adhabu tu, hatia yenyewe huigusi.

Kwa hiyo cha kwanza ni umri. Bangi inafuata. Shtaka kabla halijasomwa tena, mtu asimame aseme, "Mheshimiwa, huyu ni mtoto na tuna uthibitisho." Wakili akiwepo ni vizuri zaidi, asipokuwepo hata mjomba anaweza kunyoosha mkono. Hakimu akishasikia hilo hawezi kuendelea kama hakusikia. Lazima achunguze umri na kuandika alichokiona. Mkiwahi hapo kesi inahamia njia ya watoto. Mkichelewa, mtakimbizana na karatasi mpaka mchoke.

#7 Mjomba Mtu
Karani, asante sana. Huo uthibitisho ni upi? Cheti cha kuzaliwa hakuna, alizaliwa nyumbani kwa mkunga, cheti hakijawahi kuombwa. Kadi ya kliniki dada anaitafuta.

#8 Mtu wa Bara
Akiwa Tanzania mambo ni mepesi kuliko anavyodhani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kuna Mahakama ya Watoto, inakaa faragha, si pale penye benchi la wauza mitumba wanaosubiri kesi zao. Mzazi au mlezi anakuwepo, afisa ustawi anakuwepo, mtoto ana haki ya kuwakilishwa. Na kifungu cha 119 kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Hakuna "lakini" pale. Anaweza kuachiwa kwa masharti, kutozwa faini, kuwekwa chini ya uangalizi, au ikizidi sana shule ya maadilisho. Jela hapana.

Sasa iondoe hiyo 17 uweke 19. Yote niliyoandika hapo juu yanayeyuka, anabaki na sheria ya dawa za kulevya ya 2015 peke yake kama njemba yoyote.

#9 Nahodha Mstaarabu
Sahihisho dogo namba 8. Hiyo ya 2009 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto yetu, ya 2011. Kila siku mnatusahau halafu mnasema Muungano.

#10 Mtu wa Bara
Kweli kabisa, samahani Nahodha.

#11 Msee wa Mtaa
Na akiwa Kenya? Huku tulibadilisha, Sheria ya Watoto ni ya 2022, ile ya 2001 ilifutwa. Chini ya miaka 12 hushtakiwi kabisa, na kati ya 12 na 14 mahakama inaanza kwa kuamini huelewi ulichofanya mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vingine. Huyu wa 17 hizo hazimsaidii. Kinachomsaidia ni kwamba sheria hiyo imeweka njia ya kumtoa mtoto nje ya kesi: anakubali kuwajibika, anapewa masharti, ushauri nasaha, kuripoti, kazi ya jamii, akimaliza faili linafungwa bila hukumu. Katiba nayo, kifungu cha 53, inasema mtoto asiwekwe ndani isipokuwa ni njia ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo na mbali na watu wazima. Hapo kwa "mbali na watu wazima" ndipo watu wa seli hukohoa.

#12 Bila Jina 7
Mjomba kaandika "mahabusu". Mkenya angeandika "seli" au "rumande". Nimeshamkamata.

#13 Msee wa Mtaa
Na "kupatikana na" je? Huo ni usemi wa huku. Buda ako na uraia wa nchi mbili.

#14 Mjomba Mtu
Endeleeni kunitafuta, nikipatikana nitadhaminiwa na nani?

#15 Fundi Redio
Mimi sina sheria, nina kovu. Nilikamatwa nikiwa na miaka kumi na sita, msokoto mmoja ambao hata kuuwasha nilikuwa sijui. Baba mdogo akasema akiri yaishe, nikakiri. Faini ikalipwa, tukaenda nyumbani, kila mtu akafurahi.

Miaka tisa baadaye napata kazi nzuri ya mitambo, wanataka karatasi ya polisi ya tabia njema. Alama za vidole zikaingia, msokoto ukatoka. Dada wa ofisini, mpole kabisa, akaigeuza ile karatasi uso chini juu ya meza kama anayefunika sahani yenye nzi. Kazi ikaenda kwa mwingine. Ile faini niliisahau ndani ya mwezi. Hiyo karatasi naiona mpaka leo.

#16 Wakili wa Kijiweni
Fundi, ulikuwa mtoto, rekodi ya mtoto haitakiwi kukufuata.

#17 Fundi Redio
Niliandikwa mtoto? Baba mdogo alisema nina kumi na nane ili dhamana iwe rahisi. Kwa nini unafikiri nimeuvamia uzi huu.

#18 Kipara cha Asubuhi
Duh. Narudi kukaa pale.

#19 Bosi Kivuli
Mnazunguka sana. Mpelelezi wa kesi ana namba ya simu. Mpigie, mwone jioni, ongea naye kiutu uzima. Misokoto miwili itageuka chai ya majani.

#20 Karani Mstaafu
Na wewe utageuka mshtakiwa wa pili. Bosi, kwanza hilo ni kosa kubwa kuliko misokoto. Pili, faili likishafika mahakamani si la mpelelezi tena. Atakula na kesi itaendelea, utamshtaki kwa nani?

#21 Mama Wawili
Halafu anaandika humu hadharani. Mjomba Mtu, nawe punguza kuandika. Mambo aliyokwambia mtoto kuhusu bangi ilikotoka usiyalete hapa. Mnyang'anye simu pia. Wale waliokimbia sasa hivi wanamtumia ujumbe "vipi mwanangu, umetutaja?" na yeye anajibu kwa aya tatu. Simu inaweza kuchukuliwa na kusomwa.

#22 Mjomba Mtu
Mama Wawili umenishtua, nimekwenda kuangalia. Aya nne. Simu ninayo mimi sasa.

#23 Msomaji wa Usiku
Kuhusu maelezo aliyosaini. Katika nchi nyingi kuna kanuni mbili zinazogongana, na mawakili wanaishi humo katikati. Moja inasema mtoto asihojiwe bila mzazi, mlezi, wakili au afisa ustawi. Nyingine inasema polisi wanaweza kutegemea kile mhojiwa alichowaambia kuhusu umri wake, kama hakikuwa cha kijinga. Huyu aliwaambia 19. Mwendesha mashtaka atasema tungejuaje? Upande wenu mtasema mlikuwa na kitambulisho cha shule mkononi, picha na kidato cha tatu, mngeuliza.

Alikuwa na kitambulisho cha shule kwenye begi?

#24 Mjomba Mtu
Kilikuwemo. Kimeorodheshwa kabisa kwenye hati ya vitu vilivyochukuliwa. "Begi moja jeusi, daftari nne, kitambulisho cha shule kimoja, mkebe wa hesabu mmoja, misokoto miwili idhaniwayo kuwa bangi." Bikari na kipimapembe viko humo humo kwenye mkebe, ni vielelezo. Na ana mtihani wa hesabu Jumatano.

#25 Kipara cha Asubuhi
Kipimapembe kinashikiliwa na dola. Nimecheka halafu nikaona aibu.

#26 Msomaji wa Usiku
Mjomba, hiyo hati ni dhahabu. Piga picha, toa nakala, weka moja kwa dada. Inaonyesha kwamba wakati wanamwandika 19 walikuwa wameshika karatasi ya kidato cha tatu.

#27 Afande Mstaafu
Salaam. Nimekuwa upande wa pili wa meza hiyo, niseme kidogo. Msidhani askari aliandika 19 kwa ubaya. Usiku una watu kumi na tano kaunta, kijana ana ndevu, anasema 19 kwa sauti kavu, unaandika 19. Kitambulisho cha shule hakithibitishi kitu, nimewahi kushika kidato cha pili mwenye mke.

#28 Mtu wa Bara
Kwa heshima yote mzee wangu, kuna maelezo mengine. Faili la mtoto ni mzigo. Umtafute mzazi, umtafute afisa ustawi ambaye simu yake haipatikani Ijumaa usiku, umpe chumba chake ambacho kituo hakina. Mtu mzima anaingia tu. Sisemi askari wanapanga. Nasema pale umri unapokuwa na utata, utata huwa unaangukia upande wenye kazi ndogo.

#29 Afande Mstaafu
Hilo la chumba sikupingi.

#30 Fundi Redio
Maelezo ya tatu: mtoto mwenyewe. Sisi vijana tulidhani mtoto ndiye anayechapwa na mtu mzima analipa faini anatoka. Mtaani hakuna anayekwambia kwamba ukiwa mtoto ndiyo una kinga.

#31 Bila Jina 7
Turudi kwenye bangi yenyewe. Nani kathibitisha ni bangi? "Idhaniwayo." Mpaka mkemia wa serikali apime aandike ripoti, hayo ni majani. Na kutoka kwenye begi mpaka kwa mkemia kielelezo kimepita mikono mingapi, nani alisaini? Mnyororo ukikatika kesi imekufa. Tanzania kuna ule uamuzi wa Mahakama ya Rufani, Paulo Maduka na wenzake, rufaa namba 110 ya 2007. Kila wakili wa jinai anaunukuu hata usingizini.

#32 Msomaji wa Usiku
Wanaunukuu sana kwa sababu ulikuja kulegezwa. Mahakama hiyohiyo baadaye ilisema si kila pengo kwenye mnyororo linaua kesi, inategemea kama kitu chenyewe ni rahisi kubadilishwa. Msokoto ni rahisi, nakubali. Ila usimjaze mleta uzi matumaini. Hiyo ni hoja ya siku ya ushahidi, na ni kazi ya wakili.

#33 Wakili wa Kijiweni
Kwa hiyo tumekubaliana asikiri.

#34 Karani Mstaafu
Hatujakubaliana hivyo. Nimesema asikiri kabla umri haujanyooshwa. Ukishanyooshwa, kuna mahali kukubali kosa ndiyo tiketi ya kuingia kwenye mpango wa kumtoa nje ya kesi, kama alivyosema Msee namba 11. Kukataa tu kwa ubishi kunaweza kumfungia mlango huo. Maneno ni yaleyale, "ni kweli". Ila hapa yanamfunga, pale yanamtoa.

#35 Mwana wa Ughaibuni
Nipo Marekani miaka mingi, naongezea la huku kwa faida ya wasomaji. Mnajua kwa nini mtoto hapa ana haki ya wakili? Kijana mmoja wa Arizona, Gerald Gault, miaka 15, alikamatwa 1964 kwa madai ya kumpigia simu jirani na kumtolea maneno ya aibu. Wazazi hawakuambiwa, hapakuwa na wakili, mlalamikaji mwenyewe hakufika. Jaji akampeleka shule ya kurekebisha tabia mpaka atimize 21, yaani hadi miaka sita. Mtu mzima kwa kosa hilohilo angepata faini ya dola 5 hadi 50 au kifungo kisichozidi miezi miwili. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaupindua uamuzi huo mwaka 1967: mtoto naye ana haki ya wakili, ya kujulishwa mashtaka, ya kukaa kimya, ya kuwahoji mashahidi.

Naileta kwa sababu humu mnaongea kana kwamba mahakama ya watoto ni mapumziko. Gault aliumizwa na hiyohiyo mahakama ya "upole".

#36 Mtu wa Bara
Hii ndiyo post bora ya uzi.

#37 Nahodha Mstaarabu
Nakubali na naongeza Afrika Kusini. Watoto wanne walipimwa shuleni, wakakutwa na bangi mwilini, wakaingizwa kwenye huo mpango wa kutoa nje ya kesi, halafu wakajikuta wamewekwa muda mrefu kwenye kituo cha kulelea watoto. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Katiba. Mwaka 2022 ikaamua kwamba kumfanya mtoto mhalifu kwa kuvuta au kuwa na bangi ni kinyume cha katiba. Msaada kwa mtoto ubaki, ila usipitie jinai. Kwa hiyo Karani, hata huo mpango usomwe masharti yake kwanza. Miezi mingapi? Analala nyumbani au kwao? Akishindwa sharti moja nini kinatokea?

#38 Karani Mstaafu
Nahodha umenifunga bao. Sawa.

#39 Bosi Kivuli
Si angekuwa Ureno tu, kule tangu 2001 ukikutwa na ya kuvuta mwenyewe unaitwa kwenye kamati unaongea na mwanasaikolojia.

#40 Msee wa Mtaa
Kwani kuvuka bahari? Chukua miraa. Upande mmoja wa mpaka ni zao, mkulima anaenda nayo sokoni kifua mbele. Vuka tu huko kwa jirani, wanaiita mirungi, una kesi. Jani lilelile, mizizi yake inaweza kuwa imepita chini ya mpaka.

#41 Nahodha Mstaarabu
Msituingize kwenye mirungi tafadhali, uzi ule mwingine ulifungwa kwa hilo.

#42 Mjomba Mtu
Wakuu nimerudi. Dada kapata kadi ya kliniki. Imelowa maji miaka mingi iliyopita, siku na mwezi vinasomeka vizuri, mwaka tarakimu ya mwisho imekuwa doa la bluu. Nikiitazama dirishani naona 8, dada anaapa ni 8, jirani kasema 6.

#43 Wakili wa Kijiweni
Jirani yuleyule wa "akiri yaishe"?

#44 Mjomba Mtu
Huyohuyo.

#45 Msomaji wa Usiku
Usitegemee karatasi moja. Kusanya. Rejista ya shule ya msingi ya siku aliyoandikishwa darasa la kwanza, cheti cha ubatizo kama kipo, kadi ya chanjo, kiapo cha mama. Hasa rejista, kwa sababu iliandikwa miaka kumi kabla ya kesi, hakuna anayeweza kusema mmeitunga wiki hii. Mama aende mwenyewe mahakamani, ushahidi wa aliyezaa una uzito.

Mtu akikupendekezea kipimo cha mifupa ya mkono, kuwa mwangalifu. Ile eksirei inakisia, na makosa yake ni mwaka mmoja hata miwili huku na huku. Wewe unabishania 17 na 19. Inaweza kukuua.

#46 Mama Wawili
Kwa hiyo mama aliyekimbiwa ndiye anayekuja kumwokoa.

#47 Bila Jina 7
Swali kwa wajuzi. Kesi ikitambaa akatimiza 18 katikati, je? Miezi minane tu imebaki.

#48 Mtu wa Bara
Kinachohesabika ni umri siku ya kosa. Maliza.

#49 Afande Mstaafu
Si kila mahali. Nimeona mahakama ikiangalia siku alipofikishwa mbele yake, na nimeona nyingine ikisema akishavuka 18 hakuna tena mahakama ya watoto ya kumpeleka.

#50 Msomaji wa Usiku
Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni ya Jumla namba 24 ya 2019, imeelekeza kwamba mfumo wa watoto umhusu yeyote aliyekuwa chini ya 18 wakati wa kosa, hata kama 18 imempita kesi ikiwa bado inaendelea. Ndiyo tafsiri ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, na nchi zetu zimeuridhia. Ila Afande hasemi uongo. Maoni ya kamati hakimu anaweza kuyasikiliza, halazimiki kuyafuata kama kifungu cha sheria ya nchi yake. Angalieni maneno ya sheria yenu yenyewe.

#51 Mtu wa Bara
Mimi bado nasema siku ya kosa.

#52 Afande Mstaafu
Sema, mwanangu. Mimi nimeona nilichoona.

#53 Dada Posta
Nimesoma kurasa zote, hakuna aliyejibu la wakili wa bure! Tanzania kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, watoa msaada wamesajiliwa, anza kuuliza ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Wasaidizi wa kisheria walioko kwenye kata watakuandikia na kukuelekeza, lakini hawaruhusiwi kusimama mahakamani kukuwakilisha, kwa hiyo waombe wakuunganishe na taasisi yenye mawakili. Kenya kuna sheria ya 2016 na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Popote ulipo, vyuo vinavyofundisha sheria mara nyingi vina dawati la msaada, wanafunzi wanafanya kazi chini ya mawakili. Wale wana muda, watakusomea faili mpaka koma.

Na mwombe hakimu. Mseme "hatuna wakili na huyu ni mtoto", iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Hata asipotoa wakili siku hiyo, imeandikwa.

#54 Karani Mstaafu
"Iandikwe." Dada Posta, wewe uliwahi kufanya kazi mahakamani.

#55 Dada Posta
Niliwahi kushtakiwa.

#56 Kipara cha Asubuhi
Uzi huu una watu.

#57 Mjomba Mtu
Mrejesho, nimekaa kimya siku kadhaa kwa ushauri wa Mama Wawili.

Afisa ustawi tulimpata, mama mmoja mchapakazi, akatuunganisha na wakili kijana wa msaada. Shule ya msingi walitoa nakala ya rejista yenye mhuri. Mwaka unasomeka, ni 8.

Leo wakili alisimama kabla shtaka halijasomwa, kama Karani alivyoelekeza. Mwendesha mashtaka akapinga, akasema mshtakiwa mwenyewe alitaja 19 na amesaini. Wakili akaonyesha kitambulisho cha shule kwenye hati yao wenyewe. Hakimu akaitazama kadi ya kliniki muda mrefu, akainyanyua kwenye mwanga kama nilivyofanya mimi. Akamwita dada, dada akaeleza alivyojifungua, kwa undani ambao hakuna aliyeuomba. Kisha hakimu akamgeukia mtoto, akamuuliza una miaka mingapi. Akajibu kwa sauti ndogo mpaka karani akamwambia arudie. "Kumi na saba." Huku anamtazama mama yake.

Uamuzi wa umri umeahirishwa wiki moja, hakimu anataka rejista halisi, si nakala. Habari ya maelezo aliyosaini wakili anasema bado, ni vita ya siku nyingine. Kuhusu kumtoa nje ya kesi amesema twende taratibu, anataka kwanza kuyaona masharti. Nikamwambia kuna Nahodha alisema hivyohivyo.

#58 Mtu wa Bara
Hongera. Na siku ya kosa ndiyo inayohesabika.

#59 Afande Mstaafu
😀

#60 Mama Wawili
Mtihani wa hesabu ulikuwaje?

#61 Mjomba Mtu
Aliazima bikari. Kipimapembe alikosa, akakisia pembe kwa macho. Kapata nusu. Mkebe bado uko kituoni.

#62 Bila Jina 7
Sawa, lakini sasa tuambie uko nchi gani.